Chumba cha Jubek

Gurei, Juba

Kaka yangu Jubek, huko Arua,

Sisi hatujambo. Mvua imeharibu njia ya sokoni, na mama bado anapika mikate ya kisira mingi kupita kiasi.

Unaikumbuka kompyuta kuukuu ya baba, tuliyoichezea uhamishoni? Alimpa kila mtoto folda yake, maana tuligombana kama kuku. Nilinakili diski yake, na nina programu inayoiigiza kwenye laptopu yangu, ila ilishindwa kufungua folda iliyo ndani ya folda nyingine. Wiki hii nimeiongezea uwezo huo mwenyewe, na leo folda zetu zote zimefunguka.

Ndani ya yako nimekuta nyumba uliyoichora kwa mistari ya kijani, ukaiita Nyumba Yetu Juba, na wakati huo Juba tulikuwa hatujawahi kuiona. Kila chumba umekiandikia jina la mwenyewe.

Tangu tumzike baba hujakanyaga hapa, nami siulizi sababu.

Nimemwonyesha mama. Akaigusa skrini kwa kidole chenye unga, akasema chumba chako umekichora mlango wazi. Kisha akanawa mikono, akaenda kukutandikia kitanda.

Dada yako, anayekupenda hata ukinyamaza,
Viola