Waya kwenye Mizabibu

Loreto, rafiki yangu, upo? Nimekaa chini katikati ya mizabibu.

Mzee wangu nusura afe. Sasa hivi, mbele ya macho yangu.

Leo ni siku ya tatu mimi na yeye tunazunguka bonde la Colchagua kwa farasi. Mzinga wa gesi, ule unaopiga kishindo kufukuza ndege shambani, ukalia karibu yetu. Farasi wake akachomoka mbio, akaingia kwenye safu ya mizabibu.

Mwisho wa safu kuna waya, Loreto. Umekazwa usawa wa shingo ya mzee, na yeye hauoni, anahangaika na hatamu.

Usawa wa shingo.

Nikapiga ukelele, "Baba, lala! Lala!"

Akajilaza juu ya farasi. Waya ukachukua kofia tu.

Nilipomfikia alikuwa ameshashuka kwenye farasi. Akaniuliza, "Umeniitaje?"

"Nimekwambia ulale."

"Umeniita Baba. Tangu tumzike mama yako unaniita Evaristo, kama jirani."

Nimekaa naye hapa chini, naandika kwa mkono mmoja. Ule mwingine ameushika, na mimi sitaki auachie.