Abiria wa Mwisho Kwenye Orodha

Jumatatu, 3 Machi
Chai, dawa ya presha, kisha ofisini. Nimestaafu, lakini wameniita. Kampuni yetu ndogo ya ndege inataka kuacha daftari na penseli, inunue mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi viti. Wauzaji ni wawili. Mkurugenzi amenipa uenyekiti wa kamati. Amesahau. Mimi sijasahau.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewaeleza wenzangu polepole. Mfumo hauchaguliwi kwa uzuri wa kioo. Tunauliza: mtandao ukikatika Dilolo, tiketi itatoka? Abiria wa Kolwezi ataweza kuunganishiwa ndege ya shirika lingine Lubumbashi? Wote wawili wanasema ndiyo. Tofauti ni hii: mfumo wa kwanza unamruhusu mkubwa kufuta abiria bila alama. Wa pili unaandika nani amefuta, saa ngapi, kwa nini. Alama hiyo haiondoki. Mkurugenzi anautaka wa kwanza. Bila shaka.

Jumamosi, 8 Machi
Miaka tisa sasa. Mke wangu Albertine alikuwa aende Lubumbashi kupasuliwa. Daftari nililishika mimi. Nikamwandika wa mwisho, watu wasiseme napendelea nyumba yangu. Ujinga wangu. Nilipokwenda kupima mizigo, mkurugenzi alileta mgeni wa mgodi, akachukua kifutio, akamfuta. Albertine akaenda kwa barabara. Alifia njiani, Tenke.
Nilipomuuliza, mkurugenzi alinijibu kwa adabu, kama mtoto kwa baba: "Labda haukumuandika, Tata."
Namchukia. Bila haraka.

Jumanne, 11 Machi
Siku ya majaribio. Nimechomoa waya wa mtandao mbele ya wote. Mfumo wa kwanza umeganda. Wa pili umeendelea kutoa tiketi. Rubani na mama wa kaunta, wenzangu wa kamati, wamepiga kura pamoja nami. Mkurugenzi kashindwa. Sikudanganya popote, na hilo ndilo tamu zaidi.

Ijumaa, 14 Machi
Mafunzo, wafanyakazi wote ukumbini. Abiria wa majaribio niliwaandika mwenyewe. Wa mwisho: Albertine Kabwe. Nikamwomba mkurugenzi atuonyeshe namna ya kumtoa abiria wa mwisho. Akaingiza namba yake ya siri, akabonyeza bila kusoma. Mfumo ukauliza sababu. Ndipo akasoma.
"Tata Kalenga, hapa naandika nini?"
"Andika ile ya kweli, Mukubwa."
Mama wa kaunta aliacha kutafuna karanga. Mkurugenzi alikaa na vidole hewani. Angeweza kuandika "majaribio tu", nami nisingekuwa na la kusema. Akaandika: kiti alipewa mgeni.
Ukutani, projekta ilipomulika, kila mtu akasoma. Jina lake, jina la mke wangu, saa.

Jumapili, 16 Machi
Misa ya kwanza. Fundi wa mfumo alipiga simu: asafishe orodha ya mafunzo? Nikamwambia asafishe. Alama ya kufuta itabaki, akasema. Najua.
Mchana nimelitoa daftari la zamani kabatini. Mstari wa mwisho, karatasi imechakaa kwa kusuguliwa na kifutio. Nimeandika jina lake palepale, kwa wino.