Mama Anapikia Wagombea Wote Wawili

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Sijamwambia Mama, wala rafiki yangu wa shule, wala yule mwalimu wa ushauri anayeniita ofisini kwake kila akiniona nimekaa peke yangu wakati wa chakula. Naomba uchaguzi usifike. Hapa kila mtu anaisubiri Jumanne ile kwa hamu, na mimi nikipiga magoti naomba ipotee njia, ikwame mahali, wiki ijirudie. Najua ni ombi la kijinga. Naomba hivyo hivyo, kwa sababu uchaguzi ukishapita Mama atajua.

Najua ungecheka, maana wewe uliupenda uchaguzi wa Marekani hii kuliko wenye nchi. Ulikuwa ukirudi kutoka kuegesha magari ya watu pale hotelini, hata viatu hujavua, unawasha televisheni na kukaa ukingoni mwa kochi kama vile kuna penalti. Tangazo la mgombea likitokea, unalitangaza kama mpira. "Anakuja, anakuja, amekunja mikono ya shati, anambeba mtoto asiye wake, anatazama mbali... gooo!" Mama anakurushia kitambaa cha jikoni, anasema majirani watatuitia polisi. Halafu unanigeukia mimi. Uliniita "mama" siku zote kwa sababu nina jina la mama yako. "Mama, umeliona shati lile? Kesho asubuhi linarudishwa dukani na risiti yake."

Kura hukuwa nayo. Anko Njoro, rafiki yako wa teksi, yeye mwenye kura, akikutania, "Boss, wewe unashout na huna hata kadi," ulimjibu, "Mimi nimeingia uwanjani bila tiketi, wacha nishangilie polepole." Mkacheka wote wawili. Nilikuwa mdogo, nikadhani mnazungumzia mpira kweli.

Unakumbuka tulivyokwenda kuokota mabango? Uchaguzi umekwisha, barabara nzima imejaa yale mabango ya plastiki ya wagombea, yamelala kwenye majani yamelowa, hakuna anayeyataka. Ukanipa glavu zako. Ulikuwa ukiyang'oa huku ukisema, "Tazama mali inavyotupwa. Juzi wangekukamata kwa kuligusa hili." Tulibeba ya walioshinda na ya walioshindwa, hatukuchagua. Watu kwenye basi walitutazama, na mimi kwa aibu nikajifanya sikujui. Ulitengeneza nayo boksi la mchicha kibarazani. Jina la mbunge wetu lilikuwa upande wa ndani, penye udongo. Ulisema, "Huyu ndiye atakayeshika maji."

Boksi bado lipo. Mchicha ulikufa msimu ule uliposafiri, na Mama hajapanda mwingine. Anasema atapanda ukirudi.

Ulisafiri kwenda kumzika Bibi. Anko Njoro alikuja kukuzuia, akasimama pale mlangoni na ufunguo wa teksi mkononi. "Ndugu yangu, ukitoka hurudi. Wewe si kama Mama Neema. Yeye ana karatasi. Wewe umekaa miaka hiyo yote bila kitu." Wewe ulikuwa unafunga zipu ya begi. Ukamwambia, "Ni mama yangu, Njoro. Nimzike kwa simu?" Alikupeleka uwanja wa ndege, na nauli alikataa. Mimi uliniambia, "Naenda kumzika mama yangu mmoja, narudi kwa huyu mwingine." Ukanibana shavu mbele ya watu na nikakasirika. Baba, ningejua nisingekasirika.

Pale ubalozini walipokukatalia viza ya kurudi, Mama alikwenda ofisi ya mbunge. Nani alimwambia aende, sijui, labda wamama wa kanisani. Tulimkuta mama mmoja mtu mzima, ana miwani yenye mnyororo, sauti yake ya taratibu. Kazi yake ilikuwa kufuatilia mambo ya watu waliokwama. Alituandikia ombi la msamaha, mbunge akatia sahihi. Tangu siku hiyo simu zake nazipokea mimi, maana Mama Kiingereza cha kazini anakiweza, cha kutunza wazee, kula, dawa, kulala, lakini cha ofisi kinamkimbia. Hebu fikiria, mimi, ninayeshindwa kuagiza chipsi bila kutetemeka, ndiye mdomo wa nyumba.

Mwaka huu mbunge akatangaza kwamba amechoka na hagombei tena. Kiti kiko wazi. Na Virginia siku hizi haijui inaelekea wapi, wekundu au bluu, rangi za vyama vyao viwili, kwa hiyo televisheni haipumui. Kuna mama mmoja mwanasheria na kuna mzee mmoja aliyekuwa mwanajeshi. Wanagombana kuanzia taarifa ya habari ya asubuhi. Ungefurahi sana. Ungekauka koo.

Mwisho wa kiangazi yule mama wa miwani akapiga. Mama alikuwa amesimama karibu yangu, anajifuta mikono kwenye khanga. Yule wa simuni akaniambia pole, mpenzi, ombi limekataliwa, na safari hii hakuna pa kulipeleka tena. Mtu aliyekaa bila ruhusa akitoka, ni miaka kumi nje. Mbunge ameandika, amejibiwa, basi. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, na huyo mbunge mpya? Akasema ofisi hii itafungwa mwaka ukigeuka, mafaili hayaendi kwa mwingine, mtaanza upya. Na hata mkianza, yeyote atakayekikalia kiti ataambiwa hivi hivi. Alisema afadhali anieleze ukweli kuliko kutuacha tukingoja.

"Anasemaje?" Mama akaniuliza.

Baba, ulimi wangu ulizijua lugha zote mbili, ya kule na ya huku. Nikasema, "Anasema tusubiri uchaguzi."

Basi Mama akasubiri uchaguzi kwa namna yake. Kesho yake niliamka nikakuta anakata vitunguu. "Huko kwetu," alisema, "mbunge akishapata kiti anamkumbuka aliyempikia kwenye kampeni. Hawa nao ni watu, wana matumbo." Nikamwambia, Mama, atashinda mmoja tu. Akasema, "Ndiyo maana tunawapikia wote."

Ndiyo kazi yetu ya kila Jumamosi, Baba. Sinia moja ya sambusa tunapanda nayo basi kwenda kwa bluu, ofisi ya kampeni ya yule mwanasheria. Tunarudi nyumbani, tunachukua sinia ya pili, tunapanda basi lingine kwenda kwa wekundu. Mama anabadilisha kilemba katikati, eti wasije wakamtambua. Anko Njoro alipojua alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Neema! Sasa hawa wakikutana kwa mdahalo, wote wawili watanuka kitunguu chako!"

"Wanuke," Mama akasema. "Atakayeshinda anuke zaidi."

Wanatupenda kule. Wakituona mlangoni, vijana wanaopiga simu wanaacha simu. Siku moja yule mwanasheria mwenyewe alikuwepo, mfupi kuliko kwenye televisheni, ana malengelenge kisiginoni, amevua kiatu kimoja. Alikula, akauliza kama hizi ni za Kihindi. Mama akanigusa kiwiko. "Mwambie ni za Morogoro." Nikamwambia. Akanitazama mimi, akaniuliza jina, akauliza kama kuna jambo lolote familia yetu inalihitaji. Alikuwa anauliza kweli, Baba, nilimwona machoni. Mama alilitambua neno "familia" akanisukuma mgongoni. "Haya sasa, mwambie habari za baba yako."

Niseme nini? Kwamba aahidi kitu ambacho nimeshaambiwa hakiwezekani? Nikasema mama yangu anakutakia heri. Akashukuru, akavaa kiatu chake, akaenda.

"Umemwambia yote?"

"Yote."

Mama akatabasamu njia nzima, akaegemeza kichwa kwenye dirisha la basi. Amekonda. Anafanya zamu mbili kule kwa wazee na bado anaamka kukanda unga. Vidole vyake vina alama za mafuta. Kila alama ile niliiweka mimi kwa sentensi moja. Kwa yule mwanajeshi wiki iliyofuata ikawa vilevile. Alikula amefumba macho, akampigia Mama saluti. Mama naye akampigia saluti. Kila mtu alicheka, na mimi nikaomba kwenda chooni, nikakaa humo mpaka macho yakakauka.

Halafu juzi Anko Njoro akanikuta nangoja basi. Akasimamisha teksi, akashusha kioo. "Neema, sikiza. Kura yangu ni moja, na mwaka huu nakupea wewe. Ni ya baba yako hii. Niambie nani, nita-vote huyo."

Nikatazama viatu vyangu. Nikasema, "Yeyote."

"Yeyote? Hapana, yeyote si mtu. Nani atamrudisha?"

Nikasema tena, yeyote. Akanitazama muda mrefu, magari yanampigia honi nyuma. Nadhani alinielewa, maana hakutania. Alipandisha kioo polepole, akaondoka.

Na wewe unajua. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumapili tulikwangua kadi ya simu tukakupigia, Mama akakusimulia habari za saluti, ukacheka, ukatangaza kama zamani, "Anakuja na sinia, anampita beki!" Mstari ulikuwa unakwaruza. Halafu ukasema, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, "Lile koti langu zito mpeni Njoro. Anasimama nje kungoja abiria, litamfaa."

Baba, msimu wa baridi uliopita Anko Njoro aliliomba koti lile kwa utani, ukamwambia kwenye simu hii hii, ukilivaa nitalinusa nikirudi. Mama alicheka. "Baba Neema bwana! Sasa Januari utatokea uwanja wa ndege na shati?" Ukasema, "Haya, tutaona." Mimi sikucheka. Nilijua kwamba barua ya ubalozi ya kukataa ombi ilikufikia wewe kwanza, na uliisoma peke yako, na ukaikunja. Tumekuwa wawili, mmoja kila upande wa simu, na Mama katikati anakanda unga.

Nimechoka. Sijui kama mtu wa umri wangu anaruhusiwa kusema amechoka, lakini sina neno lingine. Darasani wanatufundisha kwamba kila sauti ina uzito, mwalimu anaandika ubaoni, wenzangu wananyoosha mikono. Mimi nawaza, watu wote hawa wanagombania kiti, na hakuna hata mmoja atakayeweza kukaa juu yake akakuona wewe. Atashinda huyu au yule, watarusha maputo, Jumatano mabango yatalala kwenye majani, na safari hii hakuna wa kwenda kuyaokota na mimi. Ukirudi nitakuwa mtu mzima. Utanibana shavu halafu utaomba radhi, kama wanavyofanya watu kwa wageni.

Sitaki uniambie kwenye simu kwamba mambo yatakuwa mazuri. Wewe ukinidanganya na mimi nikamdanganya Mama, nani atabaki nyumba hii wa kusema ukweli?

Koti lako liko palepale mlangoni. Mfukoni kuna glavu zile.

Nilitaka kuandika mengine, lakini lifti imelia. Ni Mama, ametoka zamu, namjua kwa mwendo, mguu wa kulia unaburuza akichoka. Siku zote nilizokuwa naiandika barua hii, nikisikia mwendo huo naisukuma chini ya kitabu cha kemia. Ningeiandika kwa Kiingereza nisingehitaji kuificha, angepita akidhani ni kazi ya shule. Nilijiambia nimeandika Kiswahili kwa ajili yako. Lakini wewe barua ya ubalozi uliisoma mwenyewe bila msaada wa mtu. Kiswahili hiki sikukiandika kwa ajili yako peke yako, Baba.

Anatafuta ufunguo. Amesimama, nadhani anavua kilemba. Kwenye friji kuna unga alioukanda asubuhi kwa ajili ya Jumamosi.

Kurasa zote ziko mezani, zimetazama juu. Mkono wangu unataka kuzigeuza, nimeukalia.

Pokea salamu, Baba, na unisamehe ukisikia simu yetu ya Jumapili imekuwa kimya. Tutakuwa wote tunajua.

Mwanao, uliyeniita mama