Kompyuta Zilizofunikwa Vitambaa

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Bibi yako anavuna karanga; mimi sitoki kitandani. Umeuliza kwa nini niliacha kazi ya maktaba.

Tulipowekewa intaneti, nilifunika kompyuta zote kwa vitambaa vya kufuma, na kila aliyekuja nikamwambia mtandao hakuna. Binti mmoja alikuja siku ya mwisho ya kuomba chuo. "Mzee, mbona hata hujafunua kuangalia?" Nikamfukuza. Mtandao ulikuwepo. Sijui kama niliogopa mashine zitaharibika, au niliona aibu kwamba mimi, msomi, sijui kuzitumia. Wiki ile nikaacha kazi.

Binti yule chuo hakwenda. Sasa anauza nyanya hapa Ushirombo, na akisikia naumwa huniletea za bure. Nazila huku nimechanganyikiwa. Nimwambie kabla sijafa kwamba siku ile mtandao ulikuwepo? Wewe ungetaka kuambiwa?

Babu yako