Mulango wa Mama Odile

Mardi, jioni.

Mikono yangu bado inanuka moshi.

Leo asubuhi jirani yetu, Mama Odile, alifungia mutoto wake ndani ya nyumba, akaenda kuteka maji. Ufunguo ukaanguka mu njia. Aliporudi, moshi wa makala ulikuwa unatoka chini ya mulango. Bantu balikuwa banapiga ule mulango wa chuma bure.

Mi najua kufungua mulango bila ufunguo. Ni ile kazi ya wizi ilinipeleka prizo. Juge wa tribinali alisema nikigusa tena mulango wa mutu, narudi mu prizo. Na polisi aliyenikamata ile siku alikuwa amesimama palepale, kati ya bantu.

Nilitafuta waya, nikapiga magoti, nikaiingiza mu tundu ya ufunguo. Mulango ukafunguka, Mama Odile akamutoa mutoto, anakohoa lakini muzima.

Polisi akasogea. “Nani alifungua?”

Nikafungua kinywa, lakini Mama Odile akanitangulia: “Tata, mulango ulikuwa wazi.”

“Ndiyo, ulikuwa wazi,” bantu bote bakaitikia.

Polisi akaniangalia sana, akaangalia waya mu mukono wangu, akaenda zake.

Ninajiuliza: alidanganywa, ao yeye mwenyewe alikuwa anaomba adanganywe?