Ukimwangusha, Usimwachilie

Amukura, 12 Machi 2024

Kwa Ajiko,

Habari ya siku nyingi? Sisi huku ni wazima, mvua imeanza na watu wanapanda mahindi. Namba yako haipatikani siku hizi, ndiyo maana nimempa Kariuki wa lori barua hii akuletee hapo Mlolongo, kwa hoteli unayofanya kazi.

Mwalimu Emorut ametuacha. Tulimzika Jumamosi. Ule ukumbi wa kanisa alikotufundisha judo haukutosha watu. Hata madereva walitoka Malaba kuja kumuaga. Mkewe, Mama Zilpa, aliniuliza, "Na Ajiko wangu yuko wapi?" Nikamwambia nitakuandikia.

Mfupa wangu wa bega ulishapona. Miaka sita ni mingi. Watoto thelathini na mmoja wanakuja kila Jumamosi, na nimebaki peke yangu kuwafundisha.

Dada yako,
Benta

Mlolongo, 30 Aprili 2024

Kwa dada Benta,

Salamu nyingi. Mwili hauna shida, wewe je? Nimekaa na barua yako karibu wiki saba. Si kiburi, ni aibu.

Siku ile ya mtihani wa mkanda, Mwalimu alikusifu mbele yangu, nikawaka. Nilikuangusha na nikaachilia mkono wako makusudi, ukaangukia bega. Wewe ukapelekwa hospitali, mimi nikanyimwa mkanda, na bado nikaona ni mimi nimeonewa! Aliniambia tu, "Kuangusha unajua. Lakini ukimwangusha mtu, usimwachilie. Rudi siku utakuwa umejifunza hilo." Nikafunga mizigo.

Sasa juzi mteja mlevi aliinua kiti ampige mpishi wetu. Nikamkamata koti, nikamzungusha, akaenda chini. Lakini mkono wangu ulikataa kumwachilia, Benta. Nilimshusha polepole kama mtoto, kichwa hakikugusa simiti. Akaniuliza, "Wewe dada, nani alikufundisha hivi?" Nikamtaja Mwalimu, nikaanza kulia mbele ya wateja.

Nisamehe. Bosi amenipa ruhusa ya kuja huko wiki ya pili ya Mei.

Mdogo wako,
Ajiko

Amukura, 4 Mei 2024

Ajiko mdogo wangu,

Hapa ni furaha tupu. Nilishakusamehe kitambo, nilikuwa nangoja tu useme. Usilale Busia mjini, njoo moja kwa moja. Mama Zilpa ameshachagua kuku.

Dada yako,
Benta

Amukura, 10 Juni 2024

Mpendwa Ajiko,

Ulifika salama? Miguu imepoa? Tangu uondoke hapa watoto wananisumbua: "Dada Ajiko anarudi lini?" Nimewaambia Agosti, kama ulivyoahidi, kwa hivyo usiniaibishe.

Lakini sikia hii. Jumamosi Mama Zilpa aliingia ukumbini. Nilidhani ametuletea chai. Kumbe amevaa nguo nyeupe za judo za Mwalimu, mikono amekunja mara tatu! Nikamwambia, "Mama, kiti hiki hapa." Akakataa.

"Miaka thelathini nimefua hizi nguo, Benta, na sijawahi kujua zinachafuliwa vipi. Nifundishe kuanguka."

Tulianza chini kabisa, kwa kuchuchumaa na kujiviringisha juu ya magodoro. Mara ya nne akaanguka sawasawa, akapiga godoro kwa kiganja, paa! Watoto wakapiga kelele. Nikakimbia kumwinua, akanizuia.

"Niache kidogo," akasema. Akalala pale akiangalia mabati, anacheka peke yake. "Kumbe ndiyo hii alikuwa anakimbilia kila Jumamosi."

Dada yako,
Benta