Mibuni ya Eliakimu

Mdogo wangu Aikande,

Shikamoo yako niliipata kwenye simu ya Jumapili. Marahaba, mama. Magoti yanasemaje? Mvua imefika huko kijijini Mamba? Yule ng'ombe mweupe ameshazaa? Mimi sijambo, kwa kiasi cha mtu aliyeambiwa na daktari asipange mambo ya Pasaka. Niliposikia sikuogopa wala sikulia. Niliomba chai. Hapa Uswidi nyumba ya wazee ina joto la mashine kutwa nzima, na mkono wangu bado unaandika, kwa hiyo naandika.

Ni habari ya ule mradi wa kahawa.

Unakumbuka wafadhili hawakutaka sisi watafiti tuijaribu dawa ya mizizi tu. Walitaka na elimu kwa umma. Fomu yao iliuliza mkulima atafurahi kwa namna gani, na furaha hiyo tutaipimaje. Ndipo mwalimu wa kwaya akavishwa shuka jeupe kwenye ukumbi wa kanisa, awe kuvu anayeozesha mizizi. Watoto wakalia. Bibi mmoja akauliza kama huyo kuvu amekunywa chai. Nikaandika kwamba wananchi walishiriki kikamilifu.

Kihambani kwenu, kwenye shamba linaloizunguka nyumba, tuligawa mibuni: mistari miwili inapewa dawa, miwili haipewi kitu, ili tulinganishe. Nilimweleza mumeo mara tatu. Miezi ikapita, nikapanda kutoka Moshi na mgeni wa wafadhili kuja kupima. Mibuni ya dawa ilikuwa imekauka. Ile isiyopewa kitu ilikuwa inang'aa.

"Shemeji, umefanya nini huku?" nikamuuliza Eliakimu kando.

"Nimeipa samadi. Hii mnailisha, hii mnaiacha na njaa, na yote ni miti yangu? Ningepitaje hapa kila asubuhi?"

"Umeharibu jaribio."

"Kwani jaribio lilikuwa kuua kahawa? Mbona upande ule limefaulu."

Nilicheka. Mgeni hakujua Kiswahili. Alichotaka ni picha ya mkulima akitabasamu, ameshika tawi.

"Nitabasamu kwa lipi, shemeji? Tawi lenyewe kavu."

Picha hiyo ndiyo iliyokaa kwenye jalada la ripoti.

Aikande, dawa ndiyo iliyounguza mizizi. Nilichimba siku ileile, nikaona. Lakini kuandika hivyo kungeufunga mradi, na nafasi yangu ya kuja kufundisha huku ilikuwa inasubiri ripoti. Nikaandika kwamba mkulima alitenda kwa siri, akamwaga samadi mbichi kwenye mistari ya dawa, akaiunguza. Na kwa kuwa wafadhili walidai matokeo yarudishwe kwa wananchi, niliyasoma ukumbini kwa Kiswahili safi, kijiji kizima kikisikiliza. Eliakimu alikaa benchi la mbele. Hakusimama. Hangeweza kumwaibisha kaka wa mkewe mbele za watu.

Jioni uliniuliza jikoni, "Kaka, ni kweli aliunguza?" Nikasema ni kweli. Ukachukua kikombe chake cha chai ukakimwaga nje. Niliona.

Mradi ukahamishiwa kijiji kingine, watu wakasema yeye ndiye aliyeufukuza. Wakamwita Bwana Samadi hadi mlipomzika. Mimi nilituma salamu za rambirambi.

Naomba Anaeli, mwanao wa kwanza, aisome barua hii mbele ya watu, palepale ukumbini. Msalimie yeye na mkewe, na jirani yako Mama Ndesi anayekukamulia ng'ombe. Anaeli ajue kwamba baba yake alipoulizwa alisema kweli, na alisema mara moja.

Ningeweza kumpigia simu Anaeli akuchumie jani la isale pale mpakani mwa shamba, akuletee kwa niaba yangu. Aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Hilo tulifundishwa sote wawili tukiwa wadogo. Kwa hiyo sijamtuma. Ukitaka kukataa, ukatae.

Kaka yako,
Aminieli